Siku Mbuzi za Wenyewe Zilinusa Lavenda Yangu

Mpaka leo nikipita Isinya siku ya soko na nisikie mtoto wa mbuzi akilia, shingo yangu inashika moto kwa aibu, na wale wako karibu wanadhani ni jua. Nimeficha hii maneno miaka mingi, hata mke wa ndugu yangu, ambaye hujua siri ya kila mtu kwa familia yetu, hana habari. Lakini leo mmeanza kuchekana mambo ya pafyumu hapa, na mimi nimechoka kujifanya mtu ambaye hajawahi kujipaka kitu. Wacha niwaambie mara moja iishe, na mkicheka mcheke polepole, kwa sababu kuna mahali mimi mwenyewe bado sicheki.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili ikianza, Kitengela bado ni vumbi na vibao vya kuuza ploti, na mimi nilikuwa mtu wa stoo kwa shamba moja la maua upande wa Isinya, huko Kajiado (kupeana glavu, makasi na dawa ya kupuliza, hakuna kitu cha kujivunia). Kwetu ni Bungoma. Mama alikuwa ameshafariki, ndugu zangu kila mmoja ana boma yake na shida zake, na mimi, miaka thelathini na kitu, nilikuwa nimekodi chumba kimoja nyuma ya posho mill ya kusaga unga, niko na kitanda, stovu ya mafuta taa, redio, na sufuria mbili ambazo moja sikuwa nimewahi kuitumia. Nilikuwa mpweke. Nasema hivyo tu kwa sababu sijui njia nyingine ya kuisema. Nilikuwa nanunua mkate asubuhi na maziwa jioni kwa duka moja, na ningeweza kununua vyote pamoja, lakini hapo ningeongea na mwenye duka mara moja tu kwa siku. Kanisani nilikuwa wa mwisho kutoka, nasalimia watu mpaka wale wa kufagia wananiuliza kama nimepoteza kitu.

Sasa mtu akisikia unafanya kazi shamba la maua anadhani unashinda ukinukia, kumbe yale maua ya kupeleka ng'ambo hayanuki kitu, unaweza kuweka pua ndani ya rosi mpaka ufunge macho na bado ni kama unanusa karatasi. Kitu ilikuwa inanuka hapo ni dawa. Basi kukatokea meneja mmoja anarudi kwao Ulaya, akaacha vitu vyake kwa katoni tugawane, na wenzangu wakawahi viatu, koti na taa ya mezani, na mimi kwa vile nilikuwa nafunga stoo nilifika nimechelewa, nikapata chupa ya pafyumu ya wanaume imebaki nusu, na kwa karatasi yake kuna picha ya kijiua cha zambarau. Niliichukua kwa sababu mkono mtupu ni aibu.

Nitawaeleza hiyo harufu vizuri, kwa sababu ndiyo ilinimaliza. Ukifungua tu, ya kwanza inakuja kwa ukali, baridi, inapanda puani kama jani umefikicha kwa vidole, iko na kafuri ndani yake, unasikia hata macho yanaamka. Hapo ndipo watu wengi hukosea, wananusa hiyo ya kwanza wanasema ni dawa na wanaenda zao. Lakini ukingoja, ukivaa shati na ukifunga kamba za viatu, ule ukali unashuka na inakuwa sabuni, inakuwa nguo imepigwa pasi, inakuwa shavu limenyolewa sasa hivi. Na jioni ikifika imebaki kidogo sana kwa kola, iko na joto, na utamu wa mbali wa majani yaliyokauka, lazima mtu akaribie shingo yako ndio aisikie, na kwa vile hakuna mtu alikuwa anakaribia shingo yangu, hiyo ya jioni nilikuwa naisikia peke yangu.

Bwana Otieno, mtaalamu wetu wa mimea, ndiye aliniambia jina. "Hii ni lavenda. Kwa wazungu, wanaume wanajipaka hii tangu babu zao, na pia wanaiweka kwa kabati ili nondo wasile nguo." Vijana wa kupuliza dawa walisema ni ya wanawake kwa sababu ni ua, na mimi nikawaambia waje waninuse vizuri, hii haibembelezi mtu, haina mambo mengi, inasema tu mwenyewe ameoga na yuko tayari kwenda kazi. (Jirani yangu Mama Brayo yeye alisimama kwa mlango wangu Jumamosi moja akaniuliza, "Wekesa, leo umeosha choo?") Kitu sikuwaambia ni kwamba nilikuwa najipaka usiku pia nikienda kulala, na asubuhi naacha tone moja kwa pazia, ndio jioni nikifungua mlango nisikie harufu ya mtu ndani ya nyumba. Najua ni harufu yangu mwenyewe. Lakini kwa ile sekunde ya kwanza, kabla hujawasha taa, unaweza kujidanganya.

Naserian alikuwa anafanya kazi kwa chumba cha kupanga maua, pale wanapima urefu wa shina. Msichana mrefu, mwenye maneno machache, akija stoo kuchukua glavu anaangalia kila kitu kwa rafu kama ni yake. Siku moja ananusa hewa, anasema, "Wewe unanuka kama mtu ameamka mapema." Basi. Si mengi, lakini hayo maneno niliyabeba nyumbani, nikayala na ugali, nikalala nayo. Tukaanza kuongea. Tukaanza kunywa chai pamoja saa nne. Miezi ikapita, na siku moja akaniambia baba yake amesikia kuna mtu wa Bungoma, na amesema huyo mtu akuje aonekane.

"Nivae suti?" nikamuuliza.

"Baba haangalii nguo," akasema. "Anaangalia vile mtu anakaa na mifugo. Kiangazi kilimaliza ng'ombe zake, amebaki na mbuzi tu. Ukikaa na mbuzi vizuri, yeye atakaa na wewe vizuri."

Kwetu mtu haendi kwa wakwe peke yake, unaenda na mjomba, na rafiki, na mtu mmoja wa kuongea sana. Mimi nilizunguka nikitafuta mtu wa kunisindikiza, Otieno alikuwa na matanga, bwana ya Mama Brayo akasema mgongo unamuuma, na mwenye duka alinicheka, akadhani natania. Kwa hivyo nilienda peke yangu, na suti, na sukari, na majani ya chai, na ile chupa kwa mfuko wa koti.

Boma yao ilikuwa mbele ya Isinya ukielekea Mashuuru, unaachwa barabarani halafu unatembea kwa miguu ndani ya vichaka. Nikatembea, jua linawaka, vumbi jekundu limepanda mpaka magoti, jasho limeniloa mgongo wote, na nikiona mabati ya boma yao kwa mbali nikajiuliza, sasa kweli naingia kwa watu nikinuka hivi? Yeye mwenyewe alisema nanuka kama mtu ameamka mapema, na sasa nanuka kama mtu amekimbizwa. Hapo ndipo nilifanya ile kitu. Nikasimama nyuma ya kichaka, nikatoa chupa, na kile kifuniko cha kupulizia kilikuwa kimelegea siku nyingi, nilipokibonyeza kikatoka chote, na lavenda ikamwagika kwa viganja, kwa kifua, kwa mikono ya koti. Mtu mwenye akili angejipangusa na majani. Mimi nikaona ni hasara, nikaisugua yote, kwa nywele, kwa shingo, nyuma ya masikio, mpaka kwa viwiko, mpaka ile ya mwisho nikapaka kwa magoti ya suruali nikitoa vumbi.

Mbwa ndiyo ilinipokea ya kwanza. Ilikuja ikibweka, ikafika karibu, ikapiga chafya na kurudi nyuma ya nyumba. Hiyo peke yake ingeniambia kitu.

Naserian alitoka na mama yake, nikamsalimia mama kwa Kimaasai, "takwenya", akajibu "iko" na kucheka vizuri kwa sababu niliisema vibaya. Baba yake alikuwa amekaa kwa kigoda na kifimbo chake, mzee mwembamba, kofia ya sufu, macho ya kuangalia mbali. Kwa njia nilikuwa nimefikiria sana kama nitampa mkono au nitainamisha kichwa aniguse vile watoto wao wanafanya, na nikaamua kuinama, kwa heshima. Mzee akashangaa kidogo kuona mwanamume mzima na suti ameweka kichwa chini mbele yake, lakini akaniwekea mkono kwa nywele. Halafu akautoa. Akaangalia kiganja, akakinusa, akakipangusa kwa shuka.

"Kijana," akasema, "umetoka kuogesha ng'ombe kwa dipu?"

"Hapana mzee. Ni mafuta tu. Ya kunukia."

"Kunukia kwa nani?"

Naserian aliangalia chini. Mpaka leo sijapata jibu nzuri ya hiyo swali, na nimejaribu.

Tukakaa. Mama akaleta chai ya maziwa kwa kikombe kikubwa, na nilipoileta mdomoni sikusikia harufu ya maziwa wala ya moshi wa kibuyu, nilisikia lavenda tu, na nikajua kila mtu hapo anakunywa lavenda. Mzee akaniuliza kwetu tuna ng'ombe wangapi, nikasema mmoja, wa kufungwa na kamba. Akaniuliza kama najua mbuzi, nikasema najua kidogo (uongo, kwetu mbuzi nilimjua akiwa kwa sahani). Halafu Saitoti, kaka yake Naserian, akamwita mzee waende kuangalia pampu ya kisima, mama na Naserian wakaenda kushusha maji kwa punda waliokuwa wamefika, na Naserian akinipita akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaa hapo. Mbuzi zikirudi utasaidia."

Kama ningekaa hapo, leo pengine ningekuwa na watoto wakubwa.

Lakini nikasikia sauti ndogo nyuma ya nyumba, nikaenda kuchungulia, na kumbe kuna kibanda cha miti wameweka watoto wa mbuzi. Mnajua, wale wadogo hawaendi malishoni, wanaachwa nyumbani mchana, na jioni mama zao zikirudi wanafunguliwa wanyonye. Mvua ilikuwa imerudi kidogo na karibu mbuzi zote zilikuwa zimezaa, kibanda kimejaa, wengine hata kitovu hakijakauka. Nikafungua nikaingia. Nilitaka tu kuwaangalia, lakini mmoja mweusi akaja akaniwekea mguu kwa goti, mwingine akashika kidole changu akaanza kukinyonya, mwingine akalala kwa kiatu. Nikakaa chini na suti yangu. Nikamchukua yule mweusi nikamweka kifuani ndani ya koti, na nikasikia moyo wake unapiga haraka haraka kwa mkono wangu.

Wacha niwaambie kitu ambacho sitarudia. Nilikuwa sijashikwa na kitu chenye uhai tangu tulipomzika mama na watu wakanikumbatia kaburini. Kusalimiwa na mkono ndiyo, lakini si hivyo. Nilimshika huyo mbuzi mpaka akalala, nikamweka chini, nikamchukua wa pili, na wa tatu, na nikaona si vizuri kubagua, nikawashika wote, mmoja mmoja, wote waliokuwa hapo ndani, nawasugua kichwa, nawasugua mgongo, nawapangusa matako (sikujua hapo ndipo mama huwajulia), nawaongelesha Kibukusu. Nilikuwa na raha sana. Nilifikiria, mzee akirudi apate mgeni ameshazoeana na mifugo wake wote, itakuwa imekwisha hiyo.

Mbuzi zilirudi jua likishuka. Vumbi kwanza, halafu kengele, halafu zile sauti, kila mama anaita wake. Majirani wawili walikuwa wamekuja nazo, na mzee na Saitoti wakarudi kutoka kisimani, na mama akamwambia Naserian afungue kibanda, na mimi nikasema kwa sauti ya mtu wa nyumba, "Wacha nifungue mimi." Nikafungua. Watoto wakatoka mbio, na kwa muda kidogo ilikuwa kitu ya kupendeza, kila mtoto anakimbilia mama yake.

Halafu mama ya kwanza akanusa wake, akamrusha na pembe.

Nikadhani ni mmoja ana hasira. Lakini wa pili akamnusa wake nyuma, akaruka kando kama amechomwa, na wa tatu akakanyaga chini na kukimbia, na dakika hiyo hiyo zizi zima likageuka, mbuzi zinakimbia watoto wao wenyewe, watoto wanazifuata wakilia, wanaenda kwa mama huyu wanapigwa, wanaenda kwa yule wanapigwa, na mama nao wanazunguka wakiita watoto ambao wako hapo hapo miguuni mwao. Wale wakubwa kidogo walilazimisha wakanyonya, sauti zao zinajulikana. Lakini wale wa juzi na jana hakuna aliyewakubali. Sijawahi kusikia kelele kama hiyo. Majirani wengine wakatoka kwa boma zao wakidhani ni fisi, wakasimama kwa fensi, wanawake na shuka zao, wanaume na fimbo, wote wananiangalia mimi, mtu wa suti, nimesimama katikati na mlango wa kibanda mkononi.

Mzee hakupiga kelele. Alimchukua mtoto mmoja, akaleta pua yake kwa mgongo wa mbuzi, akanusa. Akamchukua wa pili, akanusa. Akanyanyua kichwa polepole.

"Nani ameshika hii watoto?"

"Ni mimi, mzee."

"Umeshika ngapi?"

Nikasema, "Zote."

Kwa fensi mtu mmoja alianza kucheka, mwingine akamuuliza kwa Kimaasai kuna nini, akaelezwa, na kicheko kikatembea kwa fensi yote mpaka mwisho. Naserian peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika kichwa cha mbuzi mmoja na anamsukumia mtoto, na mbuzi anakataa, na niliona machozi kwa macho yake, na nikajua hapo kwamba hii si mchezo, hizi ndizo kiangazi kiliwaachia, na mtoto asiponyonya usiku huo asubuhi hatakuwa hai.

Nikauliza nifanye nini. Mama yake Naserian akanitoa koti na shati mbele ya hao watu wote, kama mtoto, akaenda kuzitundika mbali kwa mti. Maji ya kuniogesha hakuna, maji imebebwa na punda. Akaniletea majani ya leleshwa, kile kichaka cha majani ya kijivu kinachonukia, mkono mzima, akaniambia nijisugue, na Saitoti akaongeza mavi ya mbuzi na kunionyesha kwa ishara nipake mpaka kwa shingo, naye alikuwa na raha sana kunionyesha. Nikafikicha hayo majani ya leleshwa, na mniamini mkitaka, ile harufu ya kwanza, ile baridi yenye kafuri, ilikuwa karibu sawa na ya chupa yangu. Nikamwambia mzee hivyo. Sijui kwa nini nilimwambia, nafikiri nilikuwa najitetea.

"Sisi pia tunanukia," mzee akasema. "Vijana wanaweka leleshwa kwapani wakienda kwa wasichana. Lakini mbuzi inakula hapo kwa leleshwa kila siku. Inaijua. Hiyo yako inaijua wapi?"

Basi tukafanya kazi. Unamkamua mama maziwa kidogo, unampaka mtoto mgongo mzima na nyuma, unaweka na chumvi kidogo mama alambe, halafu mmoja anashika mama kwa nguvu na mwingine anamweka mtoto kwa chuchu mpaka akubali. Mimi nilipewa kazi ya kushika mama, nimefungwa shuka ya Saitoti kiunoni, nimepakwa mavi, suruali ya suti, viatu vya ngozi. Waliokuwa kwa fensi walichoka kucheka wakaingia kusaidia. Mbuzi mmoja baada ya mwingine, wanalamba chumvi, wananusa, wanafikiria, wanakubali. Giza lilipoingia kelele ilikuwa imeisha, na ungeweza kusikia wakinyonya.

Mmoja tu alikataliwa kabisa. Ni yule mweusi, niliyemweka ndani ya koti mpaka akalala. Mama yake aliwekewa chumvi, akashikwa na wanaume wawili, akamlamba kidogo, na akiachiliwa tu anampiga. Mzee alimwangalia huyo mtoto kwa muda. Halafu akamchukua, akanipatia mikononi.

"Huyu umemchukua wewe kwa mama yake," akasema. "Basi ni wako. Na kwetu mtu akikupea mbuzi hamuitani majina tena. Wewe utaniita Pakine, na mimi nakuita Pakine, mpaka mmoja wetu azikwe."

"Ashe, Pakine," nikasema, yaani asante, na wazee wakatikisa kichwa, na mama akacheka, na mimi nikafikiria nimefaulu. Kweli nilifikiria hivyo. Nimeaibika, nimechekwa, nimepakwa mavi, lakini nimepewa mbuzi na nimepewa jina, na mtu hapei jina mtu anayetaka kumfukuza. Nikalala kwa nyumba ya Saitoti na huyo mbuzi kifuani na sikuwa nimelala vizuri hivyo tangu nifike Kajiado.

Asubuhi Naserian akanisindikiza barabarani. Nilikuwa nimevaa shati yangu, bado inanuka, na nimebeba mbuzi. Tulitembea mpaka tukaona lami, ndipo akasema, "Wekesa, mimi sitaweza."

Nikamwambia naomba msamaha kwa mambo ya harufu, nitaitupa chupa, nitaitupa hapo hapo.

"Si harufu," akasema. "Harufu naipenda. Ni vile ulishika wote. Ungeshika mmoja, watu wangecheka, ingeisha. Nilikuambia ukae." Akaangalia barabara. "Wewe unataka kupendwa na kila kitu kwa siku moja. Hata mbuzi. Mimi nikifikiria kukaa na mtu anahitaji hivyo, naogopa. Naona nitachoka."

Hakusema kwa ubaya. Ndio maana iliingia ndani. Kama angenitukana ningekuwa na kitu ya kukasirikia njiani, lakini alisema kama mtu anasoma kitu imeandikwa kwa uso wangu, na alikuwa amesoma sawa.

Yule mbuzi nilimlea kwa chumba changu na chupa ya mtoto ya kunyonyea. Mama Brayo alilalamika, mwenye nyumba akalalamika, akilia usiku ploti nzima inaamka, lakini nilimlea mpaka akaanza kula majani, na alipokuwa mkubwa kushinda chumba nikamrudisha kwa mzee sokoni Isinya achungwe pamoja na wengine. Nilirudi nikaingia ndani nikafagia mavi yake, nikakaa kwa kitanda, na niliona chumba kimekuwa kikubwa. Naserian aliacha kazi ya maua mwaka uliofuata. Aliolewa huko Mashuuru na mtu wa ng'ombe, mzee mwenyewe ndiye aliniambia, tukiwa tumesimama karibu na mizani, na nikasema ni vizuri, na nilijaribu iwe kweli.

Lavenda sikupaka tena. Si kwamba naichukia, hapana, kuna siku nimekaa kwa kinyozi na akanimwagia kitu fulani shingoni, ile baridi ikapanda, na ikabidi nifunge macho kidogo. Lakini nimeapa, na kiapo nimeshika. Nikienda kwa watu naenda na jasho yangu, na nikiambiwa nikae nakaa.

Mzee bado yuko. Siku za soko akiniona ananiita kutoka mbali, "Pakine," watu wanageuka wanashangaa mtu wa Bungoma anaitwa hivyo, na mimi naitika, "Pakine," na katika Kajiado yote hakuna mwingine ananiita jina ambalo hakulisoma kwa kitabu cha mshahara. Ananipa habari ya mbuzi wangu, kwamba amezaa, kwamba watoto wake wamezaa, sasa wameshakuwa wengi. Kila mara ananiuliza nitakuja lini nyumbani niwaone. Kila mara namwambia nitakuja. Na siendi, na si kwa sababu ya aibu, ile ya siku hiyo ilishaisha. Siendi kwa sababu najijua. Nikifika huko jioni, na mbuzi zirudi, na wale wadogo wafunguliwe, nitataka kuwashika wote.